Somo la Harufu na Kumbukumbu: Kwa Ndugu wa Pwani, Juu ya Ndugu wa Meru na Embu

Ndugu wasomaji, asije mtu akadhani ya kuwa somo letu mara hii ni jambo la upuuzi. Tumeulizwa na kijana mfanya biashara, mzaliwa wa pwani akaaye Meru, maswali mawili. La kwanza: mtu apendaye harufu fulani kwa sababu humkumbusha mzazi wake aliyekufa au mji wake alioutoka, je, ana lawama katika dini? La pili: Mwislamu wa bara asiyenukia kama tunukiavyo sisi, je, tumhesabu kuwa amepungukiwa na kitu?

Ama swali la kwanza, jawabu yake imo katika kisa cha Nabii Yaaqub. Msafara ulipoondoka Misri na kanzu ya Yusuf, mzee yule, aliyekuwa ameharibikiwa na macho kwa huzuni, aliwaambia waliokuwa naye ya kwamba anasikia harufu ya mwanawe. Nao hawakusikia kitu. Wakamwona ni mzee aliyeshikilia upotevu wake wa zamani. Kisha akaja mwenye bishara, akaitupa ile kanzu usoni pake, na macho yakarudi kuona. Zingatia, ewe msomaji: harufu ile ilikuwa ya Yaaqub peke yake, kwani yeye ndiye aliyekuwa na kumbukumbu yake. Waliomcheka hawakuwa na haki ya kumcheka.

Na wataalamu wa siku hizi wameeleza mengine yanayolitia nguvu jambo hili. Mwaka 2004 Richard Axel na Linda Buck walipewa tuzo ya Nobel kwa kubainisha jinsi pua inavyopokea harufu. Kazi yao kubwa waliitoa mwaka 1991. Ndani ya pua ya mwanadamu mna aina zipatazo 400 za vipokezi, na kila harufu huamsha mkusanyiko wake mbalimbali, mfano wa herufi chache zifanyazo maneno mengi. Tena habari ya harufu hufika upesi katika sehemu za ubongo zenye kushika kumbukumbu, na mapenzi, na hofu, bila ya kupitia kwanza pale zinapopitia habari za jicho na sikio. Ndiyo maana mtu hupita mlangoni pa watu, moyo ukamshtuka, na machozi yakamlenga, kabla hajajua ni harufu ya nini.

Basi kukumbuka kwa harufu ni maumbile aliyoyaumba Mwenyezi Mungu, wala maumbile hayana lawama. Lawama au thawabu huja kwa yale tuyafanyayo baada ya kukumbuka. Marehemu baba yangu alikuwa akipaka halud kila Ijumaa. Kanzu yake moja ingali sandukuni kwa mama, na kila lifunguliwapo sanduku lile, nyumba nzima hunyamaza. Mtu akikumbuka hivyo kisha akamwombea mzazi wake maghufira, au akamtolea sadaka, au akawaunga jamaa zake, harufu ile imemletea kheri. Ama akaitumia kwa kuomboleza na kuipinga kadari, imemletea hasara.

Sasa tuje kwenye swali la pili, nalo ndilo zito.

Sisi watu wa pwani tumezoea kusema: udi wetu, marashi yetu, asmini yetu. Tuulize vitu hivi vilitoka wapi. Udi ni utomvu ufanyikao ndani ya miti ya Bara Hindi na nchi za mashariki yake, mti ule ujeruhiwapo na kuingiwa na ukungu. Mti mzima usio na jeraha hautoi udi. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi. Karafuu, ambayo leo hatuwezi kuitaja bila ya kuitaja Unguja na Pemba, asili yake ni visiwa vya Maluku, na haikupandwa Unguja ila katika karne ya 19. Na katika nchi kavu za kaskazini ya Isiolo, safari fupi tu kutoka Meru, huota miti itoayo ubani na manemane. Basi chetezo chetu kimejaa vitu vya wageni, nasi tukaviita vyetu kwa kuwa mama zetu waliviwasha.

Na ndugu zetu wa Meru na Embu nao wana harufu zao. Miji hiyo iko katika miteremko ya Mlima Kenya, mita zaidi ya 1,300 juu ya bahari, na baridi yake huwalazimu watu kukaa na moto. Katika kila mmoja mna mtaa wa Majengo, ambamo Waislamu wamekaa tangu zama za ukoloni. Pembezoni mwa miji hiyo ni mashamba ya buni, zao ambalo serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wasilipande, mpaka miaka ya 1930 ilipoanza kuwaruhusu baadhi yao, wakiwamo wa Meru na Embu. Sisi tunaijua kahawa katika dele na vikombe vya barazani; wengi wetu hatujui ua lake. Mvua ya kwanza inyeshapo baada ya kiangazi, hupita siku nane au kumi hivi, kisha matawi yote huwa meupe kwa maua, na harufu yake ni karibu mno na asmini. Hukaa siku chache tu, ikaondoka.

Nilipokuwa nikisomesha huko, mzee mmoja mkulima alinieleza ya kuwa alitoa shahada katika siku za maua ya buni. Tangu hapo, kila yafungukapo, huisikia harufu ile, akatia udhu na kwenda msikitini kabla ya adhana. Mzee huyo aliwahi kuteremka pwani kwa arusi. Katika safu ya Sala, mtu aliyekuwa ubavuni pake alimnusa, akajitenga, kwani koti lake lilinukia moshi wa kuni. Aliponisimulia hakuwa na hasira. Alisema neno moja tu: “Sheikh, nami nilikuwa nimeoga.”

Ndugu zangu, neno hilo litatusimamia. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, amesimulia ya kuwa watu walikuwa wakija kwenye Sala ya Ijumaa kutoka vijiji vya juu ya Madina, wamejaa vumbi na jasho la kazi. Mtume (S.A.W.) hakuwafukuza wala hakujitenga nao, aliwaelekeza kwa upole kwamba ingefaa wajisafishe kwa siku ile. Ni kweli kwamba alimkataza aliyekula kitunguu saumu asiukaribie msikiti. Lakini hiyo ni harufu aliyoitaka mtu mwenyewe ikawaudhi wenziwe, na mvuta sigara ajipime hapo. Moshi wa jiko la mtu aliyeoga si katika mlango huo.

Kwa hivyo tushike mambo matatu.

Kwanza, manukato ni sunna, na Mtume (S.A.W.) alikuwa harudishi manukato apewapo. Lakini sunna si kipimo cha uungwana. Anayejipaka ili amdharau mwenziwe amebadilisha ibada kwa kiburi.

Pili, tusichanganye manukato na ushirikina. Kufukiza nyumba ili inukie ni jambo jema. Kufukiza buhuri ili kuwaridhisha majini ni jambo jingine kabisa. Wala tusifanye israfu, tukachoma udi wa maelfu ya shilingi usiku mmoja wa arusi na jirani amelala na njaa.

Tatu, akija mgeni kutoka bara akasimama ubavuni pako, mkaribie na ujaze pengo la safu. Ukiwa na kichupa cha manukato, mpake mkononi kwa mapenzi. Huenda kuanzia siku hiyo, kila asikiapo harufu hiyo kule mlimani, akakukumbuka wewe kwa wema na kukuombea dua.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.