SOMO LA UFUNDI: KUIFUNGUA SWICHI NA KUPANGA MATUNDU YAKE



Katika viwanda na mashamba makubwa ya leo, mashine ya mahudhurio, mizani ya mazao na kompyuta za mishahara huunganishwa kwa waya katika chombo kiitwacho swichi. Fundi aliyekifunga akiacha kazi bila kukabidhi neno la siri, chombo hubaki kama ghala lisilo na ufunguo. Mashine ya mahudhurio ikihamishiwa lango jingine, haiwezi kupangiwa tundu lake. Saa za mfanyakazi hazifiki ofisini, na mwisho wa mwezi ndiye anayekatwa. Kwa hiyo somo hili si la mafundi peke yao.

VLAN ni nini?

Ni njia ya kuigawa swichi moja katika mitandao kadhaa, kama nyumba yenye kuta za ndani. Kila mtandao una namba, kuanzia 1 hadi 4094. Mashine iliyochomekwa katika tundu la namba isiyo yake haiwasiliani na wenzake, hata kama waya ni mzima.

Kuifungua

Tuchukue mfano wa Cisco Catalyst 2960. Kwanza pata ruhusa ya maandishi, na chagua saa ambayo kazi imesimama, maana swichi itazimwa.

1. Unganisha kompyuta kwa waya wa konsoli, mwendo wa 9600.

2. Chomoa umeme, kisha urudishe. Kabla ya sekunde 15 kupita, bonyeza kitufe cha Mode na kukishikilia mpaka taa ya SYST iwe rangi ya kaharabu kidogo, kisha kijani isiyomweka. Achia.

3. Andika: flash_init. Kisha: rename flash:config.text flash:config.old. Kisha: boot. Swichi itawaka bila kuyaona maagizo ya zamani, hivyo haitauliza neno la siri. Ikiuliza kama uanze mpango mpya, jibu: no.

4. Andika: enable. Rudisha jina la awali: rename flash:config.old flash:config.text. Kisha: copy flash:config.text system:running-config. Mipango yote hurudi, nawe umekwisha kuwa ndani.

5. Andika: configure terminal, kisha enable secret pamoja na neno jipya.

Angalizo: swichi ikisema kwamba njia hii imefungwa, simama. Ukikubali kuendelea, mipango yote itafutika.

Kupanga tundu

Tuseme mashine iko tundu la 5, na VLAN yake ni 20. Andika: interface fastethernet 0/5, switchport mode access, switchport access vlan 20, end. Hakikisha kwa show vlan brief. Mwisho hifadhi: copy running-config startup-config. Usipohifadhi, umeme ukikatika kazi yote imepotea.

Usiguse tundu linalokwenda kwenye swichi nyingine. Hilo hubeba VLAN nyingi. Ukiligeuza, idara nzima itakatika.

Wajibu wa tawi

Kamati ya tawi idai mambo matatu: neno la siri liwekwe ofisini katika bahasha iliyofungwa, liwepo daftari la kila tundu na mashine yake, na chombo kinapoharibika, mahudhurio yaandikwe kwa mkono na kutiwa sahihi na pande mbili.

Maswali ya kikundi

1. Kazini kwenu, nani analo neno la siri?
2. Mashine ya mahudhurio ikinyamaza leo, saa zenu zitathibitishwaje?