Chakula Kinachobaki Majini Huua Samaki

Samaki wakija juu alfajiri wakihema, wafugaji wengi hudhani wana njaa na kuwaongezea chakula. Hapo ndipo hasara huanza.

Chakula kisicholiwa huzama chini ya kizimba na kuoza pamoja na kinyesi. Kuoza huko humaliza oksijeni, na rutuba yake hustawisha mwani. Mchana mwani hutoa oksijeni, lakini usiku nao huitumia, hivyo oksijeni hupungua zaidi kabla ya mapambazuko. Katika Ghuba ya Winam, ambako kina ni kifupi na maji hayazunguki sana, upepo mkali ukikoroga tope la chini, ngege wa vizimba kadhaa huweza kufa usiku mmoja. Deni la chakula na vifaranga halifi nao.

Wafugaji wanashauriwa kuweka vizimba kwenye kina kirefu penye mkondo, kutumia chakula kinachoelea, na kuacha kulisha mara tu samaki wanapopunguza kasi ya kula. Mizoga izikwe nchi kavu, mbali na ufuo. Wenye mabwawa nao wasifungulie maji machafu mtoni. Yakimwagiliwa sukuma wiki, hupunguza gharama ya mbolea.