SOMO LA MWEZI: FUNDI ALIYEJAZWA ROHO
Masomo: Kutoka 31:1–11, Kutoka 32:1–6, Kutoka 35:20–29, 1 Samweli 13:19–22

Mwezi huu tujifunze habari za wahunzi na mafundi wa mapambo wa zamani. Labda mtu atauliza, nyundo na moto vinahusianaje na imani yetu?

Jangwani Mungu alimwita Bezaleli kwa jina lake, akamjaza Roho ili afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba. Tuangalie vizuri: hapa kipawa cha Roho si kuhubiri wala kutabiri, bali ni ufundi wa mikono.

Ufundi huo haukuwa wa Israeli peke yao. Huko Katuruka, Mkoa wa Kagera, wataalamu wa mambo ya kale walichimbua mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa miaka 2000 hivi. Katika miaka ya 1970 wazee wa Buhaya, waliokumbuka kazi ya ujana wao, walijenga tena tanuri na kutoa chuma katika mawe. Walipanga mawe na makaa, wakapuliza hewa kwa mivukuto kupitia mabomba ya udongo. Chuma huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1538, nalo tanuri la udongo halikuhitaji kufika huko: takataka iliyeyuka ikatiririka, chuma kikabaki bonge, na mhunzi akalisafisha kwa moto na nyundo.

Sisi wa Usukuma tulikula matunda ya kazi kama hiyo. Majembe yaliletwa kutoka kwa Walongo wa Uzinza, magharibi yetu, yakabadilishwa kwa mifugo na nafaka. Mengine yalitolewa katika mahari. Shaba ilitoka mbali hata Katanga, walikokwenda wafanyabiashara wa Unyamwezi katika karne ya 19. Waya mwembamba ulizungushwa juu ya singa za mkia wa twiga, zikapatikana sambo za kuvaa miguuni. Baadaye majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yakajaa sokoni, na matanuri yakapoa.

Leo vitu hivi tunavitendeaje? Wako wanaotupa bangili ya bibi wakidhani kila cha kale ni cha kipagani. Wako wanaomwuzia jembe la babu mnunuzi wa chuma chakavu kwa bei ya soda. Hapa Maandiko yatufundishe kupambanua. Kwa pete za masikio Haruni alifanya ndama, na watu wakaiabudu. Kwa pete na bangili walizotoa watu kwa moyo wa kupenda, ilijengwa Hema ya Bwana. Dhahabu haikuwa na hatia. Tofauti ilikuwa katika moyo wa mtoaji na kusudi la kazi. Hirizi tuiache, maana tumaini letu ni Kristo. Bali pambo lililomfurahisha bibi arusi, na jembe lililolisha watoto, tuvitunze na kuwaeleza wajukuu habari zake.

Tena tumheshimu fundi aliye hai. Katika siku za Sauli hapakuwa na mhunzi katika Israeli. Ilibidi kila mtu ashuke kwa Wafilisti kunoa jembe lake, na kulipa. Basi kijana anayefua shoka kwa springi kuukuu ya gari, hapa Bariadi, Maswa au Meatu, asionekane kuwa ameshindwa masomo, wala asisingiziwe uchawi kwa sababu ya moto wake. Tumlipe haki yake, tumwombee, tena tumpelekee watoto wetu wajifunze.

Maswali ya kujadiliana
1. Ni vitu gani vya wazee vimebaki nyumbani kwetu? Nani anajua habari zake?
2. Tutapambanuaje kati ya pambo na hirizi?
3. Katika mtaa wetu, mafundi wanapewa nafasi gani ya kumtumikia Mungu kwa kazi yao?

Tuombe: Ee Bwana, uliyemjaza Bezaleli hekima, bariki mikono ya mafundi wetu, utufundishe kutunza walichotuachia wazee. Amina.