NOTI YA MILIONI TANO



Mwenzetu mmoja aliona ku simu picha ya noti ya zaïre 5.000.000, ya mwaka 1992. Muuzaji, mutu asiyemjua, aliandika: "Ni ya pekee, dola 60 tu, wengine wanaingoja." Mwenzetu akatuma feza ya minerval. Kesho yake ile namba haikuita tena.

Sasa tupige hesabu. Mwezi wa Januari 1993 wafanyabiashara wa Kinshasa waliikataa noti hiyo, na askari waliolipwa nayo wakapora mji. Oktoba 1993, zaïre 3.000.000 za zamani zikawa zaïre mpya 1. Basi noti nzima haikufika hata mbili! Mwaka 1998 franka ikaja: zaïre mpya 100.000 kwa franka 1. Na si ya pekee. Baba mkubwa wangu anazo tatu ndani ya Biblia.

Picha, hata mimi naweza kuikamata kwa mwingine. Mwambie muuzaji apige ingine leo, noti ikiwa juu ya karatasi yenye jina lako. Akikasirika, umekwisha kujua. Feza usitume mbele: mukutane mchana, penye watu, uishike kwanza.

Mwenzetu anavunja mawe ya volkano kila siku ya posho, apate kulipa minerval ile.