Kipya Kinyemi, Abaayo, Lakini Hewa Ni Yako

Haya abaayo, dada yangu, sogea tuongee. Barua yako nimeisoma yote, hata pale ulipoandika ukafuta. Umetoka Waberi, kwetu Garissa, ukafika Diani, umejifunza kuzamia, na sasa unataka kuacha mtungi mmoja wa mgongoni uanze kuzamia na miwili, mmoja kila ubavu. Mama bado anaamini unapokea wageni hotelini. Hilo nitakugombeza baadaye. Kwanza swali lako: pesa ulizojiwekea uzitie kwenye geji za hewa za mshale, au kwenye zile zisizo na waya ambazo unasoma hewa yako kwenye kompyuta ya mkononi? Wenzako wanakucheka, wanasema mshale ni mambo ya wazee.

Kabla sijasema lolote, hongera. Watu wa kwetu maji tunayaogopa, na sababu tunayo. Aprili 2024 Mto Tana ulipofurika na barabara ya Garissa ikakatika pale Kona Punda, boti iliyokuwa ikivusha watu ilipinduka na watu wakafa. Binti wa Garissa kuyaingia maji kwa kujifunza, hatua kwa hatua, si jambo dogo. Ndiyo maana sitaki uharibu kazi yote hiyo kwa kuogopa kuonekana mshamba.

Sasa sikiliza. Mitungi ya ubavuni ni kama maji yanayobebwa na ngamia, chombo huku na chombo huku: ukichota upande mmoja tu, mzigo unalala. Kila mtungi una regyuleta yake na geji yake, wala hewa ya huu haipiti kwenda kwa ule. Unavuta huku kidogo, unahamia kule, unarudi, ili miwili ishuke pamoja. Anayesahau kuhama hujikuta na mtungi mmoja umejaa na mwingine umekauka, na hapo regyuleta ya ule uliojaa ikileta shida, ana nini tena? Kwa hiyo unahitaji kusoma mitungi miwili, kila mara, bila uvivu. Na hesabu ya pesa nayo inakuwa mara mbili. Transmita moja, kile kidude cha kwenye mtungi kinachotuma namba za hewa kwa kompyuta bila waya, bei yake inanunua geji kadhaa za mshale, na wewe utahitaji mbili.

Sitakudanganya kwamba zisizo na waya ni mbaya. Ni nzuri, tena zinavutia. Hakuna mpira wa kuning'inia na kunasa kwenye matumbawe. Unageuza kiganja tu, mitungi yote miwili iko mbele yako, na kompyuta nyingine hukukumbusha kwamba wakati wa kuhama umefika, au hukukadiria dakika za hewa zilizobaki. Kwa mtu anayesahau, kama wewe uliyeniandikia bila kutaja tarehe, huo ni msaada.

Lakini kipya kinyemi, ingawa kidonda. Transmita inaishi kwa betri. Mawimbi yake ndani ya maji hayaendi mbali, kama mita moja hivi, kwa hiyo ukinyoosha mkono vibaya, namba za mtungi wa upande wa pili zinapotea. Flashi za kamera na skuta za chini ya maji nazo zinaweza kuvuruga. Kuna jambo jingine linalonitia hofu zaidi kwako unayeanza: kila transmita ina namba yake, nawe ndiwe unayeiambia kompyuta ipi ni ya kulia na ipi ni ya kushoto. Ukizibadilisha kwa haraka ukiwa kwenye boti, utakuwa unaangalia mtungi wa kulia ukidhani ni wa kushoto, na skrini haitakugombeza, itaendelea kung'aa vizuri tu. Halafu vijana wa boti wakiona kile kidude kimechomoza, wengine hukishika kama mkono wa ndoo wanapoinua mtungi. Kinavunjika.

Mshale hauna betri. Ndani ya geji kuna kibomba kilichopindwa; presha ikipanda kinajikunjua na kusukuma mshale. Mfaransa Eugène Bourdon aliandikisha ubunifu huo mwaka 1849, na mpaka leo watu wanautegemea. Nao una maradhi yake, usifikiri nakuuzia malaika. Pale geji inapoungana na mpira pana oringi, pete ndogo sana ya kuzuia hewa isivuje, na ikichakaa utaona vipovu vinatoka kimoja kimoja. Wazamiaji wengi huvitazama wakasema ni vidogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, abaayo. Badilisha oringi hiyo ukiwa nchi kavu. Mshale pia unaweza kukwama: ukishatoa hewa yote na mshale haukurudi sufuri, geji hiyo usiingie nayo majini. Na unapofungua valvu, uso wa geji ugeuze upande mwingine, usikutazame wewe wala mwenzako.

Kuna siri moja ya mshale ambayo skrini haikupi upesi. Ukivuta pumzi kubwa huku unautazama, na ukaona unashuka kisha unapanda, jua valvu hukuifungua vizuri. Kwenye mitungi miwili, kusahau valvu moja ni kosa la kawaida sana. Transmita hutuma namba kila baada ya sekunde kadhaa, kwa hiyo mtikisiko huo unaweza kukupita.

Nikuambie kwa nini nashikilia hivi. Najua unakotaka kwenda: MV Dania, ile meli iliyokuwa ikisafirisha mifugo, iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 pwani ya kaskazini ya Mombasa. Mtoto wa mji wa soko la mifugo lazima uitamani! Lakini sakafu yake iko kama mita 30, na huko kila pumzi inakula hewa mara nne ya juu. Mtungi wa lita 12 wenye bari 200 una lita 2,400. Ukivuta lita 20 kwa dakika ukiwa juu, kule chini ni 80, na mtungi mzima ni dakika 30 tu, hata akiba hujaweka. Ukiingia ndani ya meli, theluthi moja ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi usiiguse, na hesabu hiyo uifanye kwa kila mtungi. Ukiwa na hofu utavuta zaidi ya hapo, na wa kwanza kuhofu siku skrini inapozimika ni yule asiyekuwa na kingine cha kutazama.

Tena, hewa ikipungua mwambie mwenzako. Usione haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wasichana wa kwetu tumelelewa kuvumilia kimya, na huko juu ni adabu njema; chini ya maji ni balaa.

Basi uamuzi wangu ni huu. Nunua geji mbili za mshale, nzuri, zenye mipira mifupi, na kabla ya kulipa zifunge moja baada ya nyingine kwenye mtungi uleule uone kama zinasema sawa. Zitumie mpaka kuhama mitungi kuwe mazoea. Zioshe kwa maji baridi kila ukitoka. Baadaye ukipata pesa, ongeza transmita, lakini mshale ubaki palepale. Kimoja kikikataa, hata kama kingine kinafanya kazi, mpe mwenzako ishara mpande.

Na mama mpigie leo. Mwambie kazi unayofanya, unazamia na nani, na boti ya nani. Atalia kidogo, kisha atakuombea dua, na mimi nitaacha kukugombeza.