Nje ya Lami Kabla ya Giza: Mwongozo kwa Waendesha Baiskeli wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Malalamiko yanatoka pande zote mbili za Barabara ya Kilwa. Madereva wa mabasi na malori wanasema baiskeli zinawatokea ghafla usiku, hazina taa wala kiakisi, na zimebebeshwa mkaa hadi mwendeshaji mwenyewe haonekani. Waendesha baiskeli nao wanasema wanapigiwa honi na kusukumwa kwenye mchanga na watu wanaoiona lami kama shamba lao la urithi. Wote wana haki ya kusikilizwa. Lakini baiskeli ikikutana na lori, anayezikwa ni mmoja, na ndiyo maana kijitabu hiki kinaanza na huyo, na kinaanza na jambo moja tu: giza.

Wapo watakaokipokea kwa mashaka, wakidhani karatasi ya serikali ikipita kijijini, faini iko nyuma yake. Hapa hakuna tozo mpya. Kuna hesabu ambayo kila mwenye baiskeli anapaswa kuijua kabla hajaweka mguu kwenye pedali.

Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Taa zake zikiwa zimeinamishwa ili zisimuumize dereva anayekuja mbele, humulika kiasi cha mita 40 hadi 50. Mtu mwenye shati jeusi juu ya baiskeli isiyo na kiakisi huonekana akiwa ndani ya mwanga huo, si kabla. Dereva amebaki na sekunde mbili: amwone, akanyage breki, na lori lililojaa saruji ya Mtwara lisimame. Halisimami. Hata dereva mwangalifu, asiyelewa, mwenye breki nzima, hana la kufanya ndani ya sekunde mbili.

Na giza la Kibiti haliji polepole. Jua likizama, nuru haidumu zaidi ya dakika 20 hivi. Anayetoka shambani saa kumi na mbili jioni akisema atawahi, hatawahi. Asiye na taa nyeupe mbele na kiakisi chekundu nyuma asiwe juu ya lami baada ya jua kuzama. Akikutwa na giza njiani, ashuke, atoke kabisa kwenye lami, aikokote baiskeli pembeni. Mkaa utafika kesho.

Wazee wa Rufiji wanakumbuka hofu ya miaka ya 2002 hadi 2004, pale simba walipoua watu wasiopungua 35 katika vijiji vya wilaya hiyo. Kwa miezi ishirini hivi, safari ya usiku ilikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili, na hakuna aliyehitaji kijitabu ili afunge mlango mapema. Simba yule aliyeogopwa kuliko wote aliuawa Aprili 2004, akakutwa na jipu kwenye jino. Malori hayajaisha. Yanapita kila usiku, na bado kijana anatoka kwenda dukani bila taa kana kwamba barabara imelala. Hofu ile ile iliyowaokoa watu dhidi ya simba ndiyo inayotakiwa leo dhidi ya giza la barabarani.

Habari njema ni kwamba mwenye baiskeli hapa halazimiki kuishi juu ya Barabara ya Kilwa. Wilaya ya Kibiti ina njia nyingi za changarawe na mchanga ambako gari hupita kwa nadra. Kutoka Bungu kwenda bandari ya Nyamisati ni kama kilomita 40 za mikorosho, minazi na mashamba ya muhogo, barabara ikipanda na kushuka taratibu hadi harufu ya mikoko inapoanza. Upande wa Mtunda na Ruaruke njia zinateremka kutoka nchi ya mchanga hadi mabonde ya mpunga. Ng'ambo ya Mto Rufiji ardhi inainuka zaidi: kuna Milima ya Kichi kusini mwa Utete, na mbele yake, ndani ya Kilwa, Milima ya Matumbi. Anayepita Mohoro anapita mahali ambapo Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale mwaka 1905, mwanzoni kabisa mwa Vita vya Maji Maji.

Njia hizi zisidharauliwe kwa sababu hazina lami. Huko Toscana, Italia, kwenye vilima vya zabibu na mizeituni, barabara za changarawe nyeupe zilikuwa zinatoweka chini ya lami mpaka wapenda baiskeli walipoanzisha, mwaka 1997, mbio ziitwazo L'Eroica katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti. Wanaoshiriki hupanda baiskeli za zamani, na moja ya sababu za kuanzishwa kwa mbio hizo ilikuwa kuzilinda barabara zile. Sasa watu wanavuka bahari kwenda kupanda vumbi. Vilima vya Kibiti ni vifupi kuliko vya Toscana na jua lake ni kali zaidi, lakini utulivu ni ule ule, na baiskeli ya Phoenix yenye tairi pana hupita humo bila taabu, mradi upepo wa matairi upunguzwe kidogo kwenye mchanga.

Mteremko ni somo lingine. Breki za fimbo, zile za baiskeli nyingi za hapa, hulegea zikilowa, na mzigo mzito nyuma husukuma kuliko zinavyoweza kushika. Mwenye magunia mawili ya mkaa ateremke kwa miguu. Masika, kati ya Machi na Mei, udongo mweusi wa bondeni hujaa kwenye matairi hadi gurudumu linagoma kuzunguka, na njia nyingi za delta hukatika kabisa. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliwaonyesha watu wa Rufiji na Kibiti maji yanavyoweza kuja. Palipofunikwa na maji pasivukwe kwa kubeba baiskeli begani: mto huu una mamba, na viboko hutoka majini usiku kwenda malishoni. Giza tena.

Sehemu moja haina njia ya kando, nayo ni Daraja la Mkapa. Kabla halijafunguliwa mwaka 2003, wasafiri walisubiri pantoni Ndundu, na msimu wa mvua safari ya kusini ilikuwa bahati nasibu. Serikali ililijenga, na Kimbunga Hidaya kilipoikata barabara upande wa Somanga Mei 2024, mawasiliano yalirudishwa ndani ya siku chache. Kazi hiyo inastahili kutajwa. Daraja lenyewe lina urefu wa karibu mita 970. Baiskeli ya mwendo wa kilomita 12 kwa saa hulivuka kwa dakika tano. Lori hulivuka kwa chini ya dakika moja. Kwa hiyo, livukwe mchana, kushoto kabisa, mmoja nyuma ya mwingine, bila kusimama kutazama mto. Lisivukwe usiku bila taa. Narudia: lisivukwe usiku bila taa.

Kuhusu ruhusa: msitu wa mikoko ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA), na baiskeli inayokwenda kisiwa cha Mafia kwa kivuko hupangiwa nafasi bandarini Nyamisati. Masharti na ada huulizwa katika ofisi husika kabla ya safari.

Madereva nao wasidhani wamesamehewa. Huko Hispania, nchi yenye waendesha baiskeli wengi milimani, sheria inamtaka dereva amwachie mwenye baiskeli nafasi ya mita 1.5 anapompita. Nafasi hiyo inawezekana pia kati ya Jaribu na Ikwiriri. Kama gari linakuja mbele na nafasi haitoshi, dereva apunguze mwendo na asubiri nyuma ya baiskeli hadi barabara iwe wazi. Honi haiwezi kuipanua lami.