Mzee Anapokonda: Funzo Kutoka Utafiti wa Uzee Nchini Japani

Katika kliniki za kisukari na shinikizo la damu, mgonjwa aliyepungua uzito hupokelewa kwa pongezi. Kwa mtu wa miaka 50 mwenye kitambi, pongezi hizo ni haki yake. Kwa mtu wa miaka 78 aliyepungua kilo tatu pasipo kukusudia, huenda zikaficha hatari. Makala hii inaeleza sababu yake kwa kutazama Japani, nchi iliyolazimika kulichunguza jambo hili mapema.

Karibu watu 29 katika kila 100 nchini humo wametimiza miaka 65 au zaidi. Swali la watafiti wao si tena namna ya kuishi miaka mingi, bali namna miaka hiyo inavyoishiwa. Kwa takwimu za mwaka 2019, mwanamke wa Kijapani alitarajiwa kuishi miaka 87, lakini miaka ya kuishi bila kukwamishwa na afya katika shughuli zake ilikuwa kama 75. Kwa mwanamume ilikuwa 81 na takriban 73. Pengo hilo ndilo linalotafitiwa.

Sehemu kubwa ya pengo hutokana na hali tunayoweza kuiita udhoofu wa uzeeni. Mwaka 2001, Linda Fried na wenzake nchini Marekani waliipambanua kwa dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka mno, mkono kukosa nguvu ya kushika, kutembea polepole na kupunguza shughuli za mwili. Mwenye tatu au zaidi ana udhoofu. Mwenye moja au mbili yuko mlangoni. Mwaka 2014 chama cha wataalamu wa tiba ya wazee nchini Japani kililiazima neno la Kiingereza na kulitamka *fureiru*, kwa kuwa neno lao la zamani lilibeba maana ya kunyong'onyea kusiko na marejeo, ilhali hali hii huweza kurudishwa nyuma ikigunduliwa mapema. Nasi tuna kauli yetu ya namna hiyo: "ni uzee tu." Kauli hiyo hulifunga faili la mgonjwa kabla halijasomwa.

Kiini cha udhoofu ni misuli. Misuli hutuinua kitini, lakini pia ni ghala la protini. Mzee anapopata nimonia au kuvunjika nyonga, mwili huchota humo ili kujenga kinga na kuponya jeraha. Ghala likiwa tupu, ugonjwa ambao kijana angeuguza kwa wiki moja humwacha mzee kitandani, na kila siku ya kitandani humla misuli zaidi. Isitoshe, misuli ya mzee huitikia protini kwa uzito kuliko ya kijana. Ndiyo maana anahitaji zaidi, si pungufu.

Hapo ndipo Wajapani walipobadili mwelekeo. Tangu mwaka 2008 watu wa miaka 40 hadi 74 hupimwa kiuno ili kubaini unene na hatari zake. Lakini tangu mwaka 2020, waliotimiza miaka 75 huulizwa maswali 15 ya namna nyingine: je, umepungua kilo mbili au tatu katika miezi sita? Je, vyakula vigumu vinakushinda kutafuna? Je, hutoka nje walau mara moja kwa wiki? Swali la kutafuna lisidharauliwe. Asiye na meno huacha nyama na karanga, akabaki na uji na chai.

Kuna pia kipimo kisichohitaji kifaa, kilichochunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo kwa wazee wa mji wa Kashiwa. Keti, goti likiwa limekunjwa. Unganisha vidole gumba na vya shahada vya mikono yote miwili viwe pete, kisha zungushia shavu la mguu mahali palipo panene, bila kubana. Pete isipofika, ni dalili njema. Ikibaki nafasi kati ya pete na mguu, uwezekano wa misuli kuwa imepungua ni mkubwa. Wahudumu wakumbuke kuwa mguu uliovimba hudanganya.

Je, misuli ya mzee hurudi? Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwapa watu 10 wenye wastani wa miaka 90, wakaazi wa makao ya wazee, mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Nguvu ya miguu iliongezeka zaidi ya maradufu. Kundi lilikuwa dogo, lakini tafiti kubwa za baadaye zimethibitisha kwamba mazoezi huwasaidia wazee kubaki na uwezo wa kutembea. Kuinuka kitini mara kadhaa bila kushika mahali, kila siku, ni mwanzo unaotosha.

Kuhusu chakula, wataalamu wengi hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mzee wa kilo 60 anahitaji basi gramu 60 hadi 72. Yai moja lina kama 6, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Chai na mkate asubuhi, ugali na mboga za majani jioni, havifiki. Dagaa, maziwa na kunde vigawanywe katika milo yote. Mwenye ugonjwa mkubwa wa figo asiongeze protini kabla ya kumwona daktari wake.

Kwa mhudumu, mzee anayekonda achunguzwe kwanza kifua kikuu, saratani, kisukari kisichodhibitiwa, maambukizi ya VVU, sonona na maradhi ya kinywa. Kisha zitazamwe dawa zake. Dozi ya kisukari au ya shinikizo la damu iliyopangwa alipokuwa na kilo 74 yaweza kuwa nyingi mno akiwa na kilo 61: sukari hushuka usiku, au kichwa humzunguka anaposimama, akaanguka. Uzito wa mwaka uliopita uandikwe kando ya uzito wa leo kabla ya dawa kuandikwa upya.